Benchi Linalosogea

Mzee Gatimu alifariki kwenye benchi la kituo cha afya cha Ndurumo akiwa amekaa wima, kofia kichwani na fimbo katikati ya magoti, na foleni ikaendelea kumsogeza. Ndivyo benchi la Ndurumo lilivyo. Mmoja akiingia kwa daktari, waliobaki huinuka kidogo wakasogea mbele, na aliyesinzia husukumwa taratibu na jirani yake, kwa adabu, asije akapoteza nafasi. Basi walimsukuma hivyo hivyo mpaka mlangoni. Jina lake likaitwa, likaitwa tena, mama mmoja akamgusa bega ili amwamshe. Mzee alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Ngendo, muuguzi msimamizi, alikuwa bado mgeni pale. Alikuwa amehamishwa kutoka Nyeri mjini kuja huku juu, karibu na Endarasha, ambako ukungu wa milima ya Nyandarua huamka kabla ya watu. Asubuhi ile alikuwa amempita mzee, akamsalimu kama mtu amsalimuye babu yake.

"Uko aje, guka?"

"Ni mzima kabisa, mwanangu. Ni kifua kidogo tu."

Naye akaamini, akaenda zake. Laiti angejua! Mtu wa Kieni, kama nchi ile ya juu iitwavyo, ukimuuliza kama anaumwa, atakuambia ni mzima, hata kama ameletwa kwa mkokoteni wa punda na bado ameshikiliwa asianguke.

Siku ile Ngendo alijifungia katika stoo ya dawa akalia. Kisha machozi yakaisha, hasira ikabaki, na hasira ilimfaa zaidi. Aliapa kwamba maadamu yeye ndiye msimamizi, hakuna mtu mwingine atakayefia kwenye benchi lile. Shauri lake lilikuwa hilo moja, wala hakuwa na lingine.

Sasa, kubadilisha kituo cha afya si kama kubadilisha pazia. Ndurumo ilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko paa la kituo: aliyetangulia kufika ndiye atakayetangulia kuingia. Watu hushuka kutoka mashambani kabla hakujapambazuka. Kama lango bado limefungwa, kila mmoja huacha kitu ukutani kishike nafasi yake, jiwe, au kiatu kimoja, au kabichi, kisha huenda kuota moto kwa mlinzi. Na usije ukafikiri kabichi ile ni mzaha. Gavana mwenyewe angefika jua limetoka, angeambiwa akae nyuma ya kabichi.

Ngendo alitaka jambo lililo la kawaida huko mjini: mgonjwa zaidi aingie kwanza. Angeweka meza karibu na lango, na muuguzi kijana, Sophie, akae pale na mashine ya presha na kipimajoto. Kila afikaye apimwe, apewe kadi ya plastiki. Nyekundu, aende akae mlangoni na aingie mara tu aliye ndani akitoka. Njano, asubiri kidogo. Kijani, angoje zamu yake kama zamani.

Alipolieleza jambo hilo kwenye mkutano wa wafanyakazi, wa kwanza kuguna alikuwa Theuri. Huyu alikuwa tabibu wa chumba namba moja, na kwa kuwa kituo hakikuwa na daktari, wote walimwita daktari, na jina lilikuwa limemkaa vizuri.

"Sista, wewe hujui hawa watu," alisema. "Ukisema ati mgonjwa sana ndiye anaingia kwanza, kesho wote watakuja hapa wakipiga nduru. Watakudanganya mpaka ushangae. Hiyo kadi nyekundu itapiganiwa kama mbolea ya serikali."

Maneno hayo yaliwaingia wote, hata Ngendo. Kuanzia hapo, maandalizi yakawa ni ya kuzuia uongo. Sophie alifundishwa kuamini mashine kuliko mdomo. Makanisani kulitangazwa kwamba anayejifanya mgonjwa atarudishwa nyuma ya wote. Kwenye baraza la chifu, mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini mgonjwa mahututi apewe kadi nyekundu na hali kwenye mpira nyekundu ni ya kufukuzwa uwanjani. Watu walicheka sana, na Ngendo akacheka nao, akaona kwamba mambo yataenda.

Yalienda, kwa kuchechemea. Wiki za kwanza kulikuwa na bwana mmoja aliyezimia mbele ya meza, na kabla ya kuzimia alitazama kwanza mahali pasipo na matope. Alipewa kijani. Kulikuwa na wazee walioshika kadi zao za kijani kama watu waliotukanwa, wakinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wameanza kuhesabu ugonjwa wa mtu. Lakini akaja mtoto mwenye degedege akaingizwa mara moja. Akaja mama wa pumu ambaye, kwa sheria ya kabichi, angekuwa wa mwisho, naye akaenda nyumbani kwa miguu yake. Benchi liliyaona hayo. Hata Theuri, ambaye kila asubuhi aliziita "hizo takataka zako za plastiki," alianza kuchungulia nje kuuliza kama kuna nyekundu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na Ndurumo ilikuwa imeanza kukipenda kidonda chake.

Habari zikafika kaunti. Likatoka neno kwamba maafisa wawili watakuja kuona mpango huo, na wakipendezwa, utapelekwa kwenye vituo vingine.

Siku yenyewe, Ngendo alifika mapema amevaa sweta jipya. Alisimama mezani kumsaidia Sophie ili wageni wakifika wasikute benchi limejaa. Ndipo akaja Judy.

Judy alikuwa mke wa Kinyua, dereva wa lori la viazi. Alikuwa msichana wa upande wa Meru, ameolewa huku mwaka uliopita, mpole, mwenye kuongea akitazama chini. Alishuka kwenye pikipiki akiwa ameshika tumbo. Ngendo alimpima mwenyewe. Presha ilikuwa chini, mapigo ya moyo yakikimbia.

"Siku zako ulipata lini mara ya mwisho?"

"Imepita kama mwezi moja na nusu."

"Na maumivu ni mengi?"

"Ni kidogo tu, Sista."

Safari hii Ngendo hakuliamini hilo "kidogo tu." Alichomoa kadi nyekundu akamtia mkononi. "Nenda ukae pale mlangoni kabisa. Aliye ndani akitoka tu, unaingia. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Wakati uo huo honi ikalia langoni. Gari jeupe la kaunti lilikuwa limefika. Ngendo alinyoosha sweta lake akaenda kuwapokea wageni.

Mgeni mkubwa alikuwa Bwana Mbae, mtu mnene mwenye sauti nyororo, aliyependa kupiga picha kila kitu kwa simu. Ngendo aliwatembeza. Aliwaonyesha maabara, dirisha la dawa, na tangi jipya la maji. Aliwaeleza habari za mzee Gatimu bila kulitaja jina lake, na Bwana Mbae akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Mwishowe wakafika penye benchi.

Mlango wa chumba namba moja ulikuwa unafunguka. Akatoka mama wa makamo, kitambaa kichwani, mfuko wa dawa mkononi, uso mkunjufu. Nyuma yake alisimama Theuri na kadi nyekundu.

"Ah," alisema Bwana Mbae akiinua simu yake. "Huyu ni mmoja wa wale wa haraka?"

Ngendo alimtazama yule mama na tabasamu likamfia mdomoni. Alimjua. Alikuwa Watiri, aliyekuja kila mwezi kuchukua vidonge vya presha, na ambaye asubuhi ile alikuwa amefika kabla ya lango kufunguliwa, akapimwa, akapewa kijani.

"Sista," alisema Theuri, "presha ya huyu mama ni ile ile ya siku zote. Nani amempatia nyekundu?"

Watiri akajibu mwenyewe, tena kwa fahari. "Ni Judy amenipatia. Si ni mke wa kijana wangu, Kinyua? Nilimwambia wacha, akasema, mama, shika hii, uingie mbele. Huyo mtoto ako na adabu, mimi nawaambia. Kwani kadi si ya kupeana?"

"Judy yuko wapi?" Ngendo aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Hakuwa mlangoni. Wala hakuwa amekaa mahali pa mama mkwe wake, kwa kuwa hapo pia angewapita wengine waliotangulia kufika. Alikuwa ameenda mwisho kabisa wa benchi, mahali pa aliyefika mwisho, amejifunika leso mpaka kichwani. Kadi ya kijani aliyobadilishana na Watiri ilikuwa imeanguka kwenye saruji. Mlango ulipofunguka, benchi zima lilikuwa limesogea, na mzee aliyekaa kando yake, mtu mwema asiyejua lolote, alikuwa anamvuta kwa mkono mmoja, taratibu, asipoteze nafasi.

Ngendo alipiga mbio. Kuna watu Ndurumo ambao hadi leo husimulia jinsi msimamizi alivyoruka ndoo ya kupigia deki, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Uso wa Judy ulikuwa na jasho baridi, midomo imekuwa myeupe. Mapigo yalikuwepo, membamba, ya kutafutwa.

"Theuri!"

Theuri alikuwa amekwisha kufika. Walimbeba pamoja mpaka kitandani. Theuri, aliyejulikana kwa uzito wa kuinuka kitini, alitundika maji mikono yote miwili kabla Sophie hajamaliza kufungua pakiti ya pamba. "Anavuja damu ndani," alisema. "Huyu ni wa kupasuliwa, na si hapa."

Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu mwingine. Bwana Mbae hakungoja kuulizwa. Alifungua gari lake, akatupa mabegi nje, akakunja kiti cha nyuma kwa mikono yake mwenyewe. Wakatoka kwa kasi kuelekea Nyeri, Ngendo akiwa amepiga magoti nyuma, chupa ya maji ameiinua juu.

Walipopita Mweiga, Judy alifungua macho.

"Sista. Mama ashaingia kwa daktari?"

"Ameingia."

"Sawa."

Ngendo alishindwa kujizuia. "Judy, kwa nini ulimpa kadi yako?"

Judy alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini maji hutiririka kuelekea chini. "Ningempita aje? Yeye alifika kabla yangu. Na ni mama."

Basi. Kwenye hospitali ya Nyeri walimpasua mara moja. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi na mrija ulikuwa umepasuka. Mimba haikuweza kuokolewa, lakini Judy aliokolewa, na daktari aliyetoka chumba cha upasuaji alisema kwamba wangechelewa kidogo tu, wangeleta maiti.

Kinyua alifika na viatu vya matope, akaketi kwenye ukumbi akilia bila kuficha uso. Bwana Mbae alimvuta Ngendo kando.

"Mpango ni mzuri," alisema kwa upole. "Lakini weka tangazo kubwa. Kadi haipeanwi. Na uweke adhabu."

Ngendo aliitikia kwa kichwa, maana alikuwa amechoka. Lakini akiwa njiani kurudi alijiuliza adhabu hiyo ingekuwa ya nani. Tangazo la kumkataza mwizi hupatikana kila mahali. La kumkataza mtu mwenye adabu zake huandikwaje?

Kesho yake aliwakusanya wafanyakazi. Alitarajia Theuri angesema, si nilikuambia. Theuri alikuwa akizungusha kalamu.

"Tulichunga lango la mbele, ng'ombe akatokea nyuma," alisema mwishowe. "Mimi ndiye nilipiga kelele za uongo, uongo. Heshima sikuifikiria hata kidogo, na mimi ni mzaliwa wa hapa. Mama mkwe wangu akiwa kwa hiyo benchi, hata mimi singempita."

"Na mimi nilimpa msichana anayekufa kipande cha plastiki, nikaenda kufungulia wageni," alisema Ngendo. "Nilimwona kwa macho yangu nikamwacha aende peke yake. Hiyo si kosa ya Judy, na si ya mama mkwe wake." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Kuanzia leo, mwekundu hapewi kadi. Anashikwa mkono. Aliye mezani anaacha meza, anamshika mkono, anampeleka mpaka kitandani, hata kama gavana amesimama hapo langoni."

"Na meza itabaki na nani?" Theuri aliuliza. "Si tuko wachache."

"Meza ibaki tupu. Meza haifi."

Theuri aliguna, lakini lilikuwa ni guno la kukubali, na waliofanya kazi naye walijua tofauti.

Hata hivyo Ngendo alijua kwamba mkono peke yake hautoshi. Ungeweza kumshika mtu mkono mpaka kitandani, naye akakuchomoka njiani kwa sababu amemwona shangazi yake kwenye foleni. Usiku hakulala vizuri. Jibu lilikuja lenyewe Jumatatu, limevaa kitambaa kichwani.

Watiri aliingia ofisini akakataa kuketi. Uso ulikuwa umemlegea.

"Sista, kwa maombi ya asubuhi, nataka kuongea."

Pale Ndurumo kila siku huanza kwa maombi nje, wafanyakazi na wagonjwa pamoja, kabla ya madirisha kufunguliwa. Wimbo mmoja, sala moja, kisha matangazo. Siku hiyo, baada ya amina, Watiri alijitokeza mbele akasimama kwenye baridi, akafungua mdomo, akaufunga, kisha akaanza.

"Mnanijua. Mimi ni mama Kinyua. Mke wa kijana wangu alikuja hapa akiwa anakufa, akapewa nafasi yake, akanipatia mimi. Na mimi nikaichukua. Nataka niwaambie ukweli mbele ya Mungu: nilifurahi. Nilipita kwa hiyo mlango nikijisikia mtu mkubwa. Nikasema moyoni, ona vile naheshimiwa! Sikuangalia uso yake. Ningeangalia uso yake ningejua, kwa maana nimezaa, najua uso ya mtu ako na uchungu. Lakini nilikuwa naangalia kadi."

Hapo alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

"Wanasema heshima si utumwa. Hiyo yangu ilikuwa karibu ituletee jeneza. Kwa hivyo mimi nasema hivi, kama mzee kati yenu. Mtoto akiwa mgonjwa kuniliko, anipite. Anipite hata kama niko hapa tangu jana. Sitasema hana adabu. Atakayesema hana adabu, aje aniambie mimi."

Kisha mzee mmoja, yule yule aliyekuwa akimvuta Judy kwenye benchi, akagonga fimbo chini. "Hata mimi," alisema. "Anipite." Mama mwingine akasema, "Hata mimi." Ikawa sauti za wazee zinatoka huku na huku, nzito, zikitoa ruhusa ambayo Ngendo hakuwa na uwezo wa kuitoa, wala kaunti, wala tangazo la ukutani hata liandikwe kwa herufi kubwa namna gani. Aligeuka akajifanya anatafuta funguo.

Miezi miwili baadaye Judy alirudi kuangaliwa kidonda. Alikuwa amekonda kidogo, lakini alitembea wima, na mama mkwe wake alikuwa naye. Sophie alimpima Judy akampa kijani. Kisha, kwa kuwa Watiri alikuwa amesimama hapo hapo, akamfunga na yeye kitambaa cha mashine mkononi. Akatazama namba. Akapima tena mkono wa pili.

"Mama, umekuwa ukimeza dawa?"

Watiri aliangalia pembeni. Ukweli ni kwamba tangu siku ile usingizi ulikuwa umempotea, na vidonge alivimeza akikumbuka, na mara nyingi hakukumbuka.

Sophie aliinuka akanyoosha mkono. Watiri akarudi nyuma hatua moja. Alitazama benchi lililojaa, mawe na kabichi bado ziko ukutani.

"Hapana, wacha. Hawa wamefika kabla yangu. Mimi ni mzima kabisa. Ni kichwa kidogo tu."

Ngendo alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi. Aliyasikia maneno hayo, naye akayatambua, kwa maana aliwahi kuyasikia kwa guka mmoja mwenye kofia. Alianza kwenda. Lakini Judy alikuwa amemtangulia. Judy, aliyeongea akitazama chini, alimshika mama mkwe wake mkono, akainua uso.

"Mama, twende."

"Judy, watu..."

"Nimesema twende."

Watiri aliduwaa. Kisha akaligeukia benchi, macho yamemlowa, akajaribu kucheka. "Mnaona? Siku hizi napewa amri na mke wa kijana wangu!"

Benchi likacheka naye. Wazee wakavuta fimbo zao, akina mama wakakunja miguu ili wapite. Theuri alikuwa amekwisha kufungua mlango. Wale wawili wakaingia wameshikana mikono, na kwenye benchi hakuna aliyesogea.